Anayejaza risasi zake mwenyewe aanze na mizani, si mashine ya kasi

KATIKA mashamba mengi ya Marekani bunduki ni kifaa cha kazi. Mfugaji wa kondoo wa Wyoming huitumia dhidi ya koyote, mnyama wa jamii ya mbweha anayeshambulia wana-kondoo. Mkulima wa Texas huitumia dhidi ya nguruwe pori ambao usiku mmoja huweza kuchimbua shamba lililopandwa jana. Na kama ilivyo kwa dizeli na mbolea, risasi ni pembejeo inayonunuliwa, inayokwisha na inayopanda bei.

Ndiyo maana wakulima, wawindaji na wanachama wa klabu za kulenga shabaha nchini humo wana desturi ya siku nyingi ya kuokota maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa na kuyajaza upya nyumbani. Sheria ya shirikisho haimtaki mtu leseni ya kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni ya utengenezaji inahitajika pale anapozijaza kwa ajili ya kuuza.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Utengenezaji wa risasi si kazi ya kufanyia uani, na mwenye bunduki ya leseni hununua risasi zake kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Makala haya basi si mwito wa kuanzisha shughuli hiyo. Yanaangalia jinsi Mmarekani anayeanza anavyochagua vifaa, kwa sababu swali lake ni lile lile la mkulima yeyote anayefikiria kuacha kununua kitu na kuanza kukitengeneza: ninunue nini kwanza, wapi nibane fedha, na wapi nisithubutu kubana?

GANDA NDIYO MTAJI

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka gobore. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, kisha hufuata kizuizi na goroli, na fataki huwekwa nyuma. Risasi ya kisasa ni mambo hayo hayo yaliyofungwa pamoja. Ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Mtu akifyatua, fataki, baruti na kichwa hupotea. Ganda hubaki.

Ganda hilo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, na katika risasi za bunduki kubwa mara nyingi ndilo sehemu ya gharama kuliko zote. Likitunzwa vizuri hujazwa mara tano, pengine kumi au zaidi, kutegemea ukubwa wa baruti linayobeba na namna linavyobanwa. Akiba yote ya mjazaji inatoka hapo: hununua sehemu tatu badala ya nne, na kazi ya kiwanda anaifanya mwenyewe.

Si kila ganda linafaa. Risasi ndogo za .22, ambazo ndizo nyingi mashambani, zina fataki iliyomiminwa ndani ya ukingo wa ganda na hazijazwi upya nyumbani. Maganda mengine yana fataki ya aina ya Berdan, yenye matundu mawili madogo chini yake, ambayo ni kazi kubwa kuing'oa. Yanayotafutwa ni ya aina ya Boxer, yenye tundu moja katikati ambamo sindano hupita na kuisukuma fataki iliyotumika. Ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Marekani ndiyo iliyokumbatia fataki ya Boxer.

HESABU KABLA YA DUKA

Swali la kwanza la anayeanza huwa ni mashine gani nzuri. Linapaswa kuwa: nafyatua risasi ngapi kwa mwaka?

Tuchukue mfano. Tuseme vifaa vya kuanzia vimegharimu dola 300, na kila risasi iliyojazwa nyumbani inaokoa senti 50 ukilinganisha na ya dukani. Fedha ya vifaa itarudi baada ya risasi 600. Mwindaji anayetumia risasi 40 kwa mwaka, nyingine za kurekebisha bunduki na chache za mnyama, atazifikia risasi hizo baada ya miaka 15. Mwanachama wa klabu anayetumia 3,000 kwa mwaka atazifikia kabla ya miezi mitatu kwisha. Vifaa ni vile vile na bei ni ile ile. Kwa mmoja ni biashara, kwa mwingine ni pambo la stoo.

Kisha kuna muda. Kwa mashine ya kawaida ya kuanzia, mtu mwenye uangalifu hujaza risasi zipatazo 50 kwa saa. Kwa akiba ya senti 50 kila moja, saa yake imezaa dola 25. Lakini akijaza risasi za bastola za milimita 9, ambazo viwanda huzitoa kwa wingi na kuziuza kwa bei ya chini, akiba yake huenda ikawa senti tano tu. Saa hiyo itakuwa imezaa dola 2.50, wakati kima cha chini cha mshahara cha shirikisho nchini Marekani tangu mwaka 2009 ni dola 7.25 kwa saa.

Akiba kubwa iko kwenye risasi zinazouzwa kwa wachache, hasa za kuwindia wanyama wakubwa. Mfano ni .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912 na inayojulikana sana kwa wawindaji wa Afrika Mashariki. Kwa risasi za namna hiyo, hata anayetumia chache ana sababu ya kupiga hesabu.

MASHINE ZA AINA TATU

Baada ya hesabu ndipo huja mashine. Kazi ni moja katika zote: kulisukuma ganda ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi katika kipimo chake, kwa kuwa likifyatuliwa hutanuka, na baadaye kukaza kichwa kipya mdomoni mwake. Tofauti ni hatua ngapi zinafanyika kwa mvuto mmoja wa mpini.

Ya kwanza ni mashine ya hatua moja. Ina nafasi ya kalibu moja. Mjazaji hubana maganda yote 50, kisha hubadili kalibu na kuendelea na hatua inayofuata kwa maganda yote 50, hadi mwisho. Ni ya polepole, ina sehemu chache za kuharibika, na kila ganda hupita mkononi na machoni mara kadhaa.

Ya pili ina kichwa kinachozunguka chenye kalibu tatu au nne. Mtu hubadili hatua kwa kukizungusha, bila kufungua skrubu. Kwa aliyezoea, kazi ya saa moja huweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya kwanza.

Ya tatu ni mashine ya mfululizo. Maganda kadhaa huwa ndani kwa wakati mmoja, kila moja katika hatua yake, na kila mvuto wa mpini hutoa risasi moja iliyokamilika. Risasi mia kadhaa kwa saa si jambo la ajabu. Bei yake ni kubwa kuliko nyingine, na kuirekebisha kunahitaji mtu anayezijua hatua zote.

Wanaoanza huvutwa na hii ya tatu kwa sababu ya kasi. Hapo ndipo wengi wanapotupa fedha. Mashine inayofanya mambo manne kwa pamoja inamtaka mtu ayaangalie mambo manne kwa pamoja, na anayeanza bado hajajua kosa linafananaje. Mashine ya hatua moja humfundisha. Wala haipotezi kazi akija kununua kubwa baadaye, kwani wenye mashine za mfululizo huendelea kuitumia kwa risasi chache za kuwindia na kwa kurekebisha zilizokosewa.

Kampuni za vifaa hivi zenyewe zilianza kwa udogo. RCBS ilianzishwa na Fred Huntington mwaka 1943 katika mji wa Oroville, California, nyuma ya duka la baba yake la dobi. Herufi za jina lake zinatokana na kalibu ya kutengenezea vichwa vya risasi za kuulia panya buku wa milimani wanaoharibu mashamba. Joyce Hornady alianza kampuni yake Grand Island, Nebraska, mwaka 1949. Richard Lee wa Wisconsin alianza mwaka 1958 kwa kifaa kidogo cha mkononi cha kujazia risasi za shotigani. Kifaa cha Lee cha kugonga kwa nyundo kilichofuata kiliwaingiza watu wengi katika shughuli hii kwa fedha kidogo.

Jambo moja limewasaidia wanunuzi kuliko matangazo yote. Kalibu za makampuni mengi zina skrubu ya kipimo kimoja: upana wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Kalibu ya kampuni hii huingia katika mashine ya kampuni ile. Kwa hiyo anayenunua mashine nafuu leo hafungwi nayo, maana akiibadili kesho, kalibu zake zinahama naye. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kununua mashine ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa muuzaji mmoja tu anaijua thamani ya jambo hilo.

PASIPOGUSWA: MIZANI NA KITABU

Kama kuna mahali pa kubana matumizi, ni kwenye mashine. Mashine nzito ya chuma cha kusubu iliyotumika miaka 20 bado hubana sawasawa, na kuinunua mkononi mwa mtu si hatari. Mizani ni jambo jingine.

Baruti hupimwa kwa greini, kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho jina lake linatokana na punje ya nafaka. Greini 7,000 hufanya ratili moja. Mizani ya mjazaji inatakiwa kuonyesha tofauti ya sehemu moja ya kumi ya greini, yaani kama miligramu sita na nusu. Mizani ya duka la sukari au ya mbegu haikaribii usahihi huo.

Sababu ya ukali huu ni shinikizo. Katika risasi ya .30-06, inayotumiwa sana na wawindaji wa Marekani, kikomo kilichowekwa ni ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa ratili 100 hivi. Ni kama mara 600, ndani ya chuma kilicho shubiri moja au mbili kutoka jichoni mwa mfyatuaji.

Mizani ya kienyeji ya mkono na uzito wa kusogeza huenda polepole lakini haihitaji umeme wala betri. Ya kielektroniki ni ya haraka, ila huyumba kwa upepo, joto na betri dhaifu. Yoyote itakayochaguliwa, inunuliwe pamoja na vipande vya uzito unaojulikana vya kuijaribia, na ijaribiwe kila mara kabla ya kazi.

Kifaa cha pili kisichoguswa si chuma. Ni kitabu cha vipimo. Lyman, Hornady, Speer na wengineo huchapisha vitabu vinavyoonyesha, kwa kila aina ya risasi, baruti ipi, kiasi gani cha kuanzia na kiasi gani kisichovukwa. Kanuni ni kuanza na kile cha chini na kupanda kidogo kidogo huku ganda likichunguzwa. Anayeanza hushauriwa kuwa na vitabu viwili avilinganishe, na asipokee kipimo cha mdomoni kutoka kwa rafiki, hata akiwa fundi. Gharama ya vitabu hivyo ni ndogo.

VIDOGO VYA LAZIMA, VIKUBWA VYA KUSUBIRI

Pamoja na mashine, mizani na kitabu, orodha ya kuanzia si ndefu. Inahitajika seti moja ya kalibu kwa aina moja ya risasi na kishikio cha ganda kinacholingana nayo. Kinahitajika pia kifaa cha kupachika fataki, faneli ndogo ya baruti, na kibao chenye matundu 50 cha kusimamishia maganda.

Iongezwe kalipa ya kupimia urefu hadi sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa kuwa ganda hurefuka kila linapofyatuliwa na kubanwa. Likizidi urefu, mdomo wake hubanwa na bunduki, na shinikizo hupanda. Kwa hiyo maganda ya bunduki kubwa yanahitaji pia kikatio cha kuyapunguza na kisu kidogo cha kulainisha kingo.

Maganda ya bunduki yenye shingo hupakwa mafuta maalumu kabla ya kubanwa. Aliyesahau hubaki na ganda lililoganda ndani ya kalibu. Kwa maganda ya bastola yaliyonyooka zipo kalibu za kabaidi, chuma kigumu sana, ambazo hazihitaji mafuta. Zina bei zaidi, lakini zinaondoa hatua mbili za kazi, kupaka na kufuta, na muda huo ni fedha.

Vipo vitu vinavyoweza kusubiri. Pipa la kutetemesha la kung'arishia maganda ni mojawapo. Mkulima atafurahi kusikia kuwa ndani yake hutiwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, ambayo hufuta masizi bila kukwaruza shaba. Lakini ganda lililofutwa kwa kitambaa hufanya kazi sawa na linalong'aa. Kifaa cha kumimina baruti chenyewe, benchi la kisasa na kalibu za aina ya pili ya risasi vinaweza pia kungoja hadi mia kadhaa za mwanzo zimepita.

MAKOSA YANAYOUA

Hatari kubwa ya mezani ni kujaza mara mbili. Baruti za bastola zinazoungua haraka huchukua nafasi ndogo ndani ya ganda, hivyo ganda linaweza kupokea kipimo mara mbili bila kumwagika. Tiba yake ni tochi: maganda yote 50 husimamishwa kibaoni na kumulikwa ndani moja baada ya jingine kabla ya kichwa kuwekwa. Kibao na tochi havifiki hata bei ya sanduku la risasi, lakini vimeokoa mikono na macho mengi.

Kinyume chake ni kusahau baruti. Fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha hapo. Anayefyatua tena bila kuangalia huupasua mtutu.

Aidha, baruti nyingi zinafanana kwa rangi na punje, na haziwezi kutambuliwa kwa macho. Hukaa katika kopo lake la asili, na kopo moja tu huwa mezani. Kopo lililofunguliwa la mtu usiyemjua halinunuliwi hata likipunguzwa bei nusu.

Kanuni za zimamoto za Marekani zinazotumika maeneo mengi huruhusu ratili 20 za baruti, kama kilo tisa, katika nyumba ya kuishi, na fataki 10,000. Kuna pia sumu ya madini ya risasi katika vichwa na masizi ya fataki. Mikono huoshwa, hakuna kula wala kuvuta sigara mezani, na watoto hawasogei.

KUJITENGENEZEA SI KUJITEGEMEA

Wengi hununua vifaa kwa kuogopa uhaba. Marekani iliuona mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka 2013, kutokana na hofu ya sheria kali baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, na tena mwaka 2020 na 2021 wakati wa janga la corona. Rafu za risasi zilibaki tupu.

Lakini fataki na baruti nazo zilitoweka. Fataki haitengenezwi nyumbani. Wenye kuzitengeneza ni viwanda vichache, ambavyo pia huzihitaji kwa risasi zao wenyewe. Mjazaji aliyekuwa na mashine nzuri na sanduku tupu la fataki hakuwa na tofauti na jirani yake asiye na mashine. Waliosalimika ni wale waliokuwa na akiba ya pembejeo kabla ya uhaba, na mashine haikuwa na kazi katika hilo.

HESABU ILE ILE SHAMBANI

Mkulima wa Iringa au Nakuru hatajaza risasi. Lakini huenda mwaka huu anafikiria mashine ya kuchanganya chakula cha kuku, ya kupukuchua mahindi au ya kukamua alizeti, na maswali ya mjazaji wa Nebraska yanamfaa bila kubadilishwa.

Swali la kwanza ni kiasi. Fedha ya mashine igawanywe kwa akiba ya kila kilo, ipatikane idadi ya kilo za kuirudisha, kisha ilinganishwe na kilo anazotumia kweli kwa mwaka, si anazotarajia. La pili ni muda: saa moja ya kazi hiyo inazaa kiasi gani kuliko saa hiyo hiyo ikitumika kwingine? La tatu ni vipuri, kama vinaingiliana na vya wengine au vimefungwa kwa muuzaji mmoja. La nne ni pembejeo. Anayechanganya chakula mwenyewe bado ananunua dagaa, mashudu na vitamini, na siku vinapoadimika mashine yake itasimama.

La mwisho ni pale ambapo kosa linaumiza zaidi. Kwa mjazaji ni mizani, na ndiyo maana fedha yake ya kwanza inapaswa kwenda huko. Kwa mfugaji wa kuku pia huenda ikawa mizani, maana chumvi iliyozidi kidogo huua vifaranga. Kwa mwenye ghala huenda ikawa kipima unyevu wa nafaka, kifaa kidogo kinachoamua kama gunia 100 zitaoza. Mara nyingi kifaa hicho ndicho cha bei ndogo dukani, kimewekwa kona, na muuzaji hakitaji hadi aulizwe.